Kilichoota Kooni mwa Azizi

Stendi ya Songea saa nne asubuhi, mtu asiye na haraka ama ni mwizi ama amekosa nauli. Lidwina hakuwa mmoja wao. Alikuwa mfanyakazi wa maabara katika hospitali moja ya misheni pale mjini, msichana wa miaka ishirini na sita, amevaa sketi ya buluu iliyopigwa pasi ikasimama na blauzi ya mitumba yenye maua ya zambarau iliyowatia wenzake wivu tangu Jumapili. Alikuwa anatafuta boksi. Boksi lilikuwa limetoka Dar es Salaam, limeandikwa USIGEUZE kwa wino mwekundu, na kondakta aliapa kwa jina la mama yake kwamba ameliweka pale ukutani.

Boksi lilikuwepo. Juu yake alikuwa amekaa mwanamume wa njano.

Si mweupe, si maji ya kunde, wa njano. Nyusi njano, kope njano, mikono njano hadi viwikoni, na shati lake la drafti limejaa unga unaonuka kiberiti. Alikuwa akitafuna muhindi wa kuchoma kwa raha zake zote.

“Kaka, simama,” Lidwina alisema. “Umekalia vijidudu vyangu.”

Mwanamume alitazama kushoto, akatazama kulia, mwishowe akajitazama mwenyewe. “Dada, mimi nimeoga juzi.”

“Sitanii. Humo mna sahani za kuoteshea vijidudu. Zikivunjika utakwenda kumweleza daktari kwa mdomo wako.”

Aliruka kama aliyekalia siafu. “Unaviotesha? Kwa makusudi?”

“Na kuvu pia.”

“Basi mimi na wewe ni maadui,” alisema huku akijipangusa mikono, jambo ambalo lilizidi kumwaga unga. “Mimi ninaua kuvu. Hii ni salfa. Mikorosho ya Tunduru imeingiwa na ubwiriunga, maua yote meupe kama yamemwagiwa sembe. Tangu serikali iachie biashara, dawa tunawapelekea wakulima sisi watu binafsi. Naitwa Azizi. Azizi Chande.”

“Sikukuuliza jina.”

“Nimekuona unachelewa kuuliza.”

Lidwina alitaka kununa, uso ukamkatalia. Azizi akalibeba boksi kichwani mpaka mlango wa maabara, njia nzima akilisemesha kwa upole kwamba watoto walale, wasiogope, mama yao yuko nyuma.

Hiyo ilikuwa Juni ya mwaka tisini na nne. Kufikia Agosti, kila Alhamisi simu ilikuwa inalia maabara, na Leo wa swichibodi alikuwa anatangaza kwa sauti ya redio: “Tunduru kwenye laini!”

“Umekula?” Azizi alikuwa akianza hivyo siku zote.

“Watu wamejipanga foleni nyuma yako hapo posta, wewe unaniuliza habari za ugali?”

“Nataka kujua umeshiba. Haya mambo hayasemwi kwa mtu mwenye njaa.”

“Haya, nimeshiba.”

“Nakupenda, Lidi.”

“Leo, toka kwenye laini.”

“Mimi nimeshatoka,” Leo alijibu.

Mapenzi yalikolea. Mama yake Lidwina, huko Matogoro, alisali novena mbili ili Azizi abatizwe, na wazee wa Tunduru nao waliomba dua ili Lidwina asilimu. Wenyewe walikubaliana kwenda bomani, ambako hakuna anayekuuliza unasali wapi, mara tu msimu wa pili wa salfa utakapokwisha. Na kwa kuwa mimi si padri wa kumwungamisha mtu, nitasema tu kwamba hawakuisubiri siku ya bomani.

Julai ya mwaka uliofuata Azizi alikuja Songea akiwa anatabasamu.

Alifikia Msamala, kwa dada yake Chiku, na Lidwina alimkuta uani amekaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka kama mwanajeshi wa gwaride. Ilikuwa asubuhi ya baridi, ukungu wa Matogoro haujapanda bado. Alipomkaribia, Azizi alimwonyesha meno yote. Lidwina naye akacheka, akamvuta sikio, akamwambia alivyomkosa. Tabasamu halikuongezeka wala halikupungua. Macho yaliyokuwa juu yake yalikuwa na woga.

“Acha kunichekea hivyo, Azizi. Unanitisha.”

“Sicheki,” alijibu, na meno hayakuachana. “Sijacheka tangu jana.”

Chiku alikuwa jikoni. Mfuniko wa sufuria ukamponyoka, ukagonga sakafu, na kwa mlio ule mwili wa Azizi ukapinda nyuma kama upinde, kigoda kikaenda upande wake na yeye upande wake. Pale chini, kisigino na kisogo ndivyo vilivyogusa ardhi, na uso bado unatabasamu. Chiku alipiga kelele, na kila alipopiga kelele kaka yake alizidi kupinda. Lidwina alimziba Chiku mdomo kwa mkono. Katika unyayo wa kulia wa Azizi aliona kidonda kidogo cheusi, cha msumari. Msumari wa ghala la salfa, siku nane zilizopita, ambao Azizi aliung'oa akaendelea kupakia mifuko.

Pepopunda.

Hospitali ile ilikuwa na chumba kimoja cha wagonjwa mahututi, chenye vitanda viwili na mashine moja ya kupumulia iliyoletwa na wafadhili. Mgonjwa wa pepopunda hatakiwi mwanga wala kelele, kwa hiyo madirisha yalizibwa kwa mablanketi, na watu wakakiita Chumba cha Giza. Dokta Rupert, mtabibu wa miaka mingi ambaye hata akikohoa alikohoa kwa kipimo, alimtoboa Azizi koo chini kidogo ya kikoromeo, akapitisha mrija, akampa dawa za kumlaza na kumlegeza misuli yote. Tangu saa ile Azizi hakupumua mwenyewe. Mashine ilimpumulia. Fuuu, ilivuta. Shaaa, ilitoa. Kifua kilipanda na kushuka bila kumtaka ruhusa mwenye kifua.

Lidwina alikuwa anakuja kila adhuhuri, anavua viatu mlangoni, anakaa gizani kimya, mkono wake juu ya mkono wa Azizi. Nje, kwenye mafiga ya ndugu wa wagonjwa, kina mama waliopika uji walikuwa na habari yao.

“Ile mashine haina pumzi mpya,” mmoja alisema bila kujali nani anasikia. “Mzee Hironimus seremala, wa Ruhuwiko, si alifia humo juzi juzi? Pumzi yake ya mwisho haikutoka. Imebaki kwenye bomba. Sasa anavutishwa huyo kijana wa Kiyao.”

Lidwina aliyasikia akatabasamu, maana juani mtu hutabasamu. Siku ya sita, alipoinama gizani kumbusu Azizi kwenye paji, harufu ikampanda puani kutoka kwenye mrija. Harufu ya chachu. Harufu ya mtungi wa pombe siku ya tatu, inapoanza kuchemka yenyewe. Azizi hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Mzee Hironimus ndiye aliyekuwa hajaonekana Ruhuwiko bila kikombe cha ulanzi, na kila aliyemfahamu alijua pumzi yake inavyonuka.

Alimgeukia Hilda, nesi wa zamu, rafiki yake wa tangu chuoni.

“Hilda, mzee Hironimus alipokuwa humu, alinuka hivi?”

“Usiniulize habari za marehemu humu ndani,” Hilda alinong'ona, na akaenda kusimama upande wa pili wa kitanda.

Fuuu. Shaaa.

Sasa, hospitali ile ilikuwa na utaratibu wake. Kila Jumatatu makohozi yalinyonywa kutoka kwenye mirija ya wagonjwa wa chumba kile na kupelekwa maabara, na kichupa hakikuandikwa jina. Kiliandikwa kitanda. Kitanda chenye mashine kilikuwa Kitanda B, na kila aliyelala pale, awe seremala au askofu, katika daftari la maabara alikuwa Kitanda B. Lidwina alikuwa amekiandika kitanda hicho mara nyingi bila kuwaza kuna nani. Safari hii alijua.

Aliyapaka makohozi kwenye sahani, akaiweka kwenye joto, akasubiri siku mbili. Alipofunua kifuniko, ile harufu ilimtokea usoni kama mtu aliyekuwa amejificha humo. Sahani nzima ilikuwa na madoa meupe, laini, yanayong'aa kama matone ya mshumaa. Chini ya darubini aliona vijiduara vikichipuza vijiduara vingine, na nyuzi ndefu zilizotambaa katikati yake. Aliandika kama alivyofundishwa: Kitanda B, kuvu, kwa wingi. Kisha akaketi sakafuni.

Msomaji ambaye hakuishi miaka ile asimcheke. Miaka ile kila mtu wa hospitali alikuwa na jicho la kuwinda weupe. Kijana akiletwa amekonda, walimfunua mdomo kwanza. Wakiuona ule utando mweupe, walitazamana wakanong'ona. “Amekanyaga waya,” yaani ana UKIMWI. Lidwina alikuwa ameotesha kuvu ya namna ile kutoka vinywani mwa vijana wengi wa wodi ya wanaume, na karibu wote sasa walikuwa wamelala makaburini. Na Azizi alikuwa mfanyabiashara. Tunduru, Songea, Dar es Salaam, nyumba za wageni njia nzima. Akapiga hesabu ya miezi yao pamoja, akajikuta na yeye yumo.

Angeweza kumwuliza Dokta Rupert. Hakuuliza. Angeanzaje? Daktari naye angetaka kujua mbona anatetemeka.

Adhuhuri aliingia Chumba cha Giza amevaa glovu, jozi mbili, moja juu ya nyingine. Hakuketi.

“Nimekuona, Azizi,” alisema juu ya uso ule uliotulia. “Nimekuona kwa darubini. Ulikuwa unaniuliza kama nimekula! Kila Alhamisi, umekula, umekula, kumbe huko njiani unalala na nani mimi sijui. Umejiua na mimi umeniua.”

“Lidwina,” Hilda alisema gizani. “Acha. Huyu mgonjwa.”

“Mgonjwa hasikii. Mtazame, hata kope hainyanyui. Nilikupenda nikagombana na mama yangu mzazi. Sasa sikujui. Ukipona usinipigie, ukifa sitakuja. Sikujui, Azizi. Unaninukia uchafu.”

Fuuu, ilijibu mashine. Shaaa. Lidwina alitoka bila viatu, akavikumbuka maabara. Hilda alipomwinamia mgonjwa aliona jicho la kushoto limelowa, akalipangusa kwa pamba, maana macho ya watu waliolazwa kwa dawa hulowa bila sababu.

Hakurudi tena chumbani. Asubuhi kabla ya kazi alijifunua mdomo mbele ya kioo, akauvuta ulimi mpaka ukauma, akitafuta weupe. Chakula hakikupita. Alipokonda, kukonda kwenyewe kukawa ushahidi, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyozidi kukonda. Kujipima alishindwa, vifaa vilikuwa kwenye friji, hatua tano kutoka kiti chake, na alipita hapo kila siku akiwa ameangalia pembeni.

Azizi hakufa. Wiki ya tatu misuli ililegea yenyewe, mashine ikazimwa, akapumua kwa tundu lake la koo. Wiki ya nne aliruhusiwa kwenda nyumbani na kimrija cha chuma shingoni, kwa kuwa koo la ndani lilikuwa bado limevimba. Siku hiyo Leo alikuja maabara na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani bila mzaha wowote, na Leo bila mzaha ni habari mbaya tayari.

Ilikuwa na neno moja na jina. *Nilisikia. Azizi.*

Lidwina aliisoma, akashika meza. Dawa zilikuwa zimemlaza mwili, hazikumlaza masikio. Alikuwa macho kule gizani, hana hata kidole cha kujitetea nacho, mtu anamsomea hukumu huku mashine ikimlazimisha kuvuta pumzi aendelee kusikiliza. Aliambiwa Azizi amerudi Tunduru. Alishukuru kwamba ni mbali, na papo hapo akaumia kwamba ni mbali. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomkasirisha kuliko yote.

Wiki moja baadaye simu ikalia, saa tisa alasiri.

“Maabara hapa.”

Hakukuwa na neno. Kulikuwa na pumzi. Fuuu, polepole, na mwishoni kamluzi kembamba kama upepo unaopita tundu la ufunguo. Shaaa. Lidwina aligeuka akatazama dirishani. Ng'ambo ya ua kilikuwepo Chumba cha Giza, na mashine ilisikika ikifanya kazi: walikuwa wamemweka Sista Emerensiana, mtawa mzee mwenye nimonia. Pumzi iliyokuwa sikioni mwake ilikwenda sawasawa na ile.

“Nani? Nani mwenzangu?”

Fuuu. Simu ikakatika.

Kesho yake saa tisa, ile ile. Keshokutwa, ile ile. Siku ya tatu Lidwina alikimbilia swichibodi.

“Leo, simu hiyo inatoka wapi?”

“Hapa hapa mjini,” Leo alisema. Alikuwa ameiweka rozari yake juu ya meza. “Nauliza nani, hajibu. Naunganisha maabara maana... sijui, Lidwina. Mara ya kwanza kabla sijauliza chochote nilijikuta nimeshaunganisha. Unafikiri ni nani?”

“Upepo.”

“Upepo haujui saa tisa.”

Hakumwambia kwamba siku ile alikuwa amebaki na mkono wa simu sikioni mpaka mwisho, na kwamba pamoja na hofu yote alikuwa amejikuta akivuta pumzi kwa mwendo ule ule.

Jumatatu kichupa cha Kitanda B kikaletwa. Jumatano Lidwina alifunua sahani, na harufu ya chachu ikamtokea usoni.

Madoa meupe. Laini. Matone ya mshumaa. Chini ya darubini, vijiduara na nyuzi.

Aliangalia lebo mara tatu. Sista Emerensiana alikuwa na miaka sabini na moja. Aliingia utawani akiwa na kumi na saba, na tangu hapo mwanamume pekee aliyemshika mkono alikuwa askofu. Lidwina alicheka, kicheko kibaya. Akalivuta daftari la mwaka mzima na kuanza kufuata Kitanda B kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, kila tarehe akiilinganisha na aliyekuwa amelala pale. Mzee Hironimus, Jumatatu ya pili: kuvu. Mama mmoja wa Matogoro aliyegongwa na lori na akapona: kuvu. Mwalimu aliyeng'atwa na nyoka: kuvu. Kila aliyekaa na mrija zaidi ya wiki. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Alikuwa ameyaandika yote kwa mkono wake, hakuwahi kuyaweka pamoja, kwa sababu Kitanda B hakikuwahi kuwa mtu.

Dokta Rupert alikuwa ofisini, anakunywa chai ya tangawizi.

“Shikamoo, dokta.”

“Marahaba. Kaa kabla hujaanguka.”

Alimweleza yote, hata glovu jozi mbili. Mzee alisikiliza mpaka chai ikapoa.

“Mtu akiwekwa mrija kooni siku nyingi,” alisema, “na ukampa dawa kali za kuua bakteria, unaua na waliokuwa walinzi. Kuvu ilikuwepo siku zote inakaa uani. Sasa inaona mlango wazi, inaingia sebuleni. Imepanga tu, binti yangu. Kuota si kuugua. Azizi sikumpa hata kidonge kimoja cha kuvu, na mrija ukitoka mara nyingi nayo huhama.”

“Na lile jambo lingine?”

“Lile sahani yako haiwezi kulijua, si kwa ndiyo wala kwa hapana. Ungeniuliza.”

“Niliona aibu.”

“Aibu,” Dokta Rupert alirudia, na safari hii alikohoa bila kipimo.

“Lakini mbona ni ile ile? Kina mama wa mafigani wanasema wagonjwa wa mashine wanarithishana pumzi.”

Mzee aliangalia dirisha lililozibwa blanketi ng'ambo ya ua. “Nyingine hutoka vinywani mwao wenyewe. Nyingine kwenye mikono yetu. Nyingine, pengine, kwenye yale mabomba. Nitaagiza leo hii yachemshwe yote upya.” Akakisogeza kikombe. “Kina mama hawajakosea sana.”

Lidwina aliinuka kuondoka. Alipofika mlangoni, daktari alimwita.

“Azizi hayuko Tunduru. Yuko Msamala kwa dada yake. Anakuja kusafishwa kimrija asubuhi sana, kabla hujaingia kazini. Saa hiyo alichagua mwenyewe.”

Alikwenda alasiri hiyo hiyo, na koti jeupe mwilini, hakukumbuka kulivua. Mbele ya nyumba ya Chiku palikuwa na duka la mangi mmoja lenye simu ya kulipia, na Lidwina alipoiona alielewa upepo wake ulikuwa unavuma kutoka wapi.

Chiku alikuwa anachambua mchele barazani, kanga mbili, moja kiunoni moja kichwani. Zamani alikuwa anamwita wifi tangu kona ya barabara.

“Karibu, dada wa maabara,” alisema bila kusimama.

“Nimekuja kumwona Azizi.”

“Kumwona kwa darubini?”

Lidwina alipiga magoti pale vumbini, na sketi yake na koti lake. Hakujitetea. Alisema alikosea, alisema alivyokosea, na hakumlaumu mtu wala utaratibu wa vitanda. Chiku aliendelea kutoa mawe kwenye mchele kwa muda mrefu.

“Daktari alimwonyesha,” alisema mwishowe. “Akiziba lile tundu kwa kidole, sauti inatoka. Hataki. Wiki ya pili hii, hata mimi dada yake hajaniambia neno. Anapumua tu. Usiku namsikia chumba cha pili, naogopa ndugu yangu mwenyewe. Ingia. Ukimliza, mimi na wewe tutaonana.”

Azizi alikuwa amekaa kitandani, dirisha wazi, fulana nyeupe imemwelea mwilini. Alikuwa amekwisha nusu. Shingoni kulikuwa na kipande cha shashi kimefungwa kwa utepe, na kila alipopumua shashi iliingia ndani kidogo, ikatoka, na kamluzi kale kakalia. Alimtazama Lidwina kama mtu anavyotazama mlango uliojifungua wenyewe.

“Nilikuwa nafikiri husikii,” Lidwina alisema. “Hilo si la kujitetea. Hata kama usingesikia, sikupaswa kuyasema. Kuvu ile si kitu, Azizi. Sista Emerensiana anayo. Lakini mimi sikuja kwa sababu ya Sista. Ningekuja hata... Hapana, nisikudanganye. Sikuja. Wiki zote hizi niliogopa, nikakuacha gizani peke yako. Ndivyo nilivyo. Sasa umenijua.”

Azizi alichukua kalamu na daftari la shule kitandani. Aliandika, akamgeuzia. *Nimepima. Huulizi?*

“Siulizi.”

Aliandika tena kwa nguvu, karatasi ikachanika. *Uliza!*

Lidwina alisogea. Alinawa mikono kwenye beseni lililokuwa kwenye stuli, maji ya asubuhi, yamepoa, akajifuta kwa koti lake. Glovu zilikuwemo mfukoni, aliziacha humo. Aliifungua shashi. Kimrija kilikuwa kinang'aa, kidogo kama kizibo cha kalamu, na pumzi iliyotoka ilimgusa vidole, ya uvuguvugu. Lile tundu alilokuwa akiliota kila anapofumba macho sasa lilikuwa mbele yake. Akaweka kidole juu yake, akaziba.

Azizi alishtuka. Pumzi ilitafuta njia, ikapanda juu, ikapita mahali ambapo haikuwa imepita kwa wiki sita. Ilitoka ikiwa sauti yenye mkwaruzo mzito, kama ya mtu anayesema kutoka ndani ya pipa, na haikufanana na sauti yoyote aliyowahi kuisikia kwenye simu ya Alhamisi.

“Nilikuwa napiga nikutukane,” ilisema. “Nimeyapanga matusi yote. Nikisikia ‘maabara hapa’, yananipotea.”

“Nitukane sasa.”

“Yamepotea.”

Alivuta pumzi puani, kwa shida, macho hayamwachi.

“Uliza, Lidi. Nina jibu wiki nzima, sina wa kumpa.”

“Una nini, Azizi?”

“Sina kitu.” Sauti ilikatika, ikarudi. “Nina hasira tu. Nyingi. Sijui zitakwisha lini.”

“Nitazingoja.”

“Zinaweza kukaa mwaka.”

“Nitazingoja mwaka.”

Kule barazani mchele ulikuwa umeacha kulia kwenye ungo. Chiku alikuwa amesimama kusikia sauti ya ndugu yake. Machozi ya Lidwina yalimdondokea Azizi kifuani, na hakuyafuta.

“Mkono wako una baridi,” Azizi alisema.

Lidwina alianza kuuondoa. Azizi aliukamata kwa mikono yake yote miwili, akaurudisha pale pale kooni, akaubana.

“Usiutoe,” alisema.